Mtoza Ushuru wa New York na Mzee wa Bunda

Januari 1996, Rais Benjamin Mkapa akiwa hajatimiza hata miezi mitatu Ikulu, aliunda Tume ya kuchunguza kero ya rushwa nchini. Uenyekiti alimpa Joseph Sinde Warioba, mwana wa Bunda, mkoani Mara. Uteuzi ule ulikuwa mzito kuliko teuzi nyingi za aina yake. Warioba alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1976 hadi 1983, akawa Waziri wa Sheria, kisha kuanzia Novemba 1985 hadi Novemba 1990 akawa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais. Sehemu kubwa ya miaka ambayo Tume yake ingeifukua ni miaka ambayo yeye mwenyewe alikuwa ndani ya serikali.

Historia haitoi nafasi ya namna hiyo mara kwa mara: mtu aliyepanda ngazi ndani ya mfumo anakabidhiwa kalamu ya kuuandika ulivyo. Zaidi ya miaka mia moja kabla yake, Marekani ilipata mtu kama huyo. Jina lake ni Chester Alan Arthur, Rais wa 21 wa nchi ile, ambaye hata kwao hatajwi sana. Kisa chake kinafaa kusimuliwa hapa kwa sababu kinaonyesha wazi jambo ambalo sisi tumekuwa tukilizunguka kwa miaka mingi: uhusiano kati ya cheo, chama na fedha za uchaguzi.

Arthur alizaliwa 1829 kijijini Fairfield, jimbo la Vermont, mtoto wa mhubiri wa Kibaptisti aliyetoka Ireland na kuchukia utumwa. Alifundisha shule, akasomea sheria, akahamia New York. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa ya heshima. Mwaka 1854 mwalimu mweusi, Elizabeth Jennings, alitolewa kwa nguvu ndani ya tramu iliyokuwa ikivutwa na farasi kwa kuwa ilikuwa ya weupe. Ofisi ya mawakili aliyokuwamo Arthur ilichukua kesi yake, na kijana yule wa miaka 25 akaisimamia. Mwaka 1855 mwalimu yule alishinda na kulipwa fidia ya dola 225, na kuanzia hapo ubaguzi katika tramu za New York ukaanza kuvunjika. Tukimtazama Arthur wa miaka ya baadaye, tukumbuke kwamba hakuanza akiwa mtu mbovu.

Kilichombadilisha ni siasa za jimbo lake. Wakati ule aliyeshinda uchaguzi Marekani aligawa kazi za serikali kama ngawira. Karani wa posta, mlinzi wa ghala na mkaguzi wa mizigo walipata kazi kwa sababu walikipigia chama debe, na walizipoteza chama kiliposhindwa. Katika jimbo la New York aliyeshika usukani wa Chama cha Republican alikuwa Seneta Roscoe Conkling, mtu mwenye ulimi mkali na kiburi kikubwa. Arthur alikuwa msaidizi wake mwaminifu. Mwaka 1871 Rais Ulysses Grant alimteua Arthur kuwa Mtoza Ushuru wa Bandari ya New York.

Mtu wa Tarime anayezijua pilikapilika za mpaka wa Sirari atalielewa jambo hili upesi, ila akuze kipimo mara nyingi. Enzi zile serikali ya Marekani ilitegemea sana ushuru wa forodha, na sehemu kubwa ya ushuru huo iliingilia bandari moja, New York. Jumba la Forodha lilikuwa na wafanyakazi wapatao elfu moja. Kila mmoja wao alikatwa sehemu ya mshahara wake kwa ajili ya chama. Makato hayo yaliitwa mchango wa hiari, lakini asiyechangia alijua kazi yake haitadumu. Kwa njia hiyo mshahara uliolipwa na umma ulirudi kugharamia kampeni, kampeni zilileta ushindi, na ushindi ulileta vyeo vingine vya kugawa.

Mtoza Ushuru mwenyewe alikuwa na njia yake ya kufaidika. Sheria ilimpa fungu katika faini alizowatoza wafanyabiashara waliokutwa na makosa. Kampuni ya kuagiza metali ya Phelps Dodge ilishtakiwa kwa kutangaza thamani isiyo sahihi ya mizigo yake, ikalipa zaidi ya dola 271,000, ingawa ushuru uliokuwa ukibishaniwa ulikuwa kidogo sana ukilinganisha na faini ile. Arthur peke yake alipata karibu dola 22,000. Kwa mafungu kama hayo kipato chake cha mwaka kilifika kiasi cha dola 50,000, sawa na mshahara wa Rais wa nchi. Hakuna sheria aliyovunja. Rushwa ilikuwa imeandikwa ndani ya sheria yenyewe, na Bunge liliufuta utaratibu ule mwaka 1874 tu, baada ya wafanyabiashara kupiga kelele.

Mwaka 1877 serikali ya Rais Rutherford Hayes iliunda tume iliyoongozwa na John Jay kulichunguza Jumba la Forodha. Tume ilikuta watu wengi kuliko kazi, uzembe na makato ya chama. Hayes alimtaka Arthur ajiuzulu, akakataa, na Julai 1878 akamwondoa. Kwa mtu mwingine ungekuwa mwisho. Lakini mwaka 1880 Chama cha Republican kiligawanyika vibaya juu ya mgombea urais, kikamchagua James Garfield wa kundi la kati, na ili kulituliza kundi la Conkling kikampa Arthur nafasi ya mgombea mwenza. Conkling alimwambia aikatae. Arthur akaikubali.

Tarehe 2 Julai 1881, Garfield alipigwa risasi ndani ya kituo cha reli mjini Washington. Mpigaji, Charles Guiteau, alikuwa ameomba ubalozi mdogo wa Paris kwa kuamini kwamba aliisaidia kampeni na anastahili fungu lake. Alipokamatwa alijitaja kuwa mtu wa kundi la Conkling na kusema sasa Arthur atakuwa Rais. Nchi nzima ikamtazama Arthur kwa shaka. Alijifungia nyumbani kwake New York, naye Garfield akiteseka kwa majeraha hadi alipofariki 19 Septemba. Saa za usiku wa kuamkia siku iliyofuata, Arthur aliapishwa ukumbini mwa nyumba yake, mtaa wa Lexington, mbele ya watu wachache.

Katika siku zile za kungoja, barua ilimfikia kutoka kwa mwanamke asiyemjua. Julia Sand, mwenye umri wa miaka 31, aliyekuwa mgonjwa na hatoki nyumbani sana, alimwandikia bila woga. Alimwambia kwamba watu wanaogopa urais wake, na kwamba ni yeye tu anayeweza kuwathibitishia wamekosea. Aliendelea kumwandikia, barua 23 kwa jumla, akimsifu anapofanya vema na kumkemea anapolegea. Agosti 1882 Rais alikwenda nyumbani kwake kumwona, bila taarifa. Kabla ya kufa Arthur aliagiza nyaraka zake nyingi zichomwe moto, lakini barua zile hazikuchomwa. Zimo hadi leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Alichokifanya Arthur kiliwashangaza rafiki na adui. Conkling alitaka mtu wao awekwe tena Forodhani New York, Arthur akakataa. Aliacha mashtaka ya wizi wa mikataba ya posta yaendelee ingawa yaliwagusa wakubwa wa chama chake. Vigogo wale waliachiwa huru mwaka 1883, na hilo lenyewe linatufundisha kitu. Tarehe 16 Januari 1883 alitia saini Sheria ya Pendleton, iliyobeba jina la seneta wa chama cha upinzani. Sheria iliamuru baadhi ya kazi za serikali zitolewe kwa mtihani, ikapiga marufuku kumfukuza mtumishi kwa kukataa kuchangia chama, na ikaanza na ofisi kubwa za posta na forodha. Jumba la Forodha la New York, lililomlea Arthur, lilikuwa miongoni mwao. Mwanzoni sheria iligusa kama asilimia 10 tu ya kazi za serikali kuu, lakini marais waliofuata waliipanua. Arthur alikosa uteuzi wa chama chake mwaka 1884, na Novemba 1886 akafariki baada ya kuugua ugonjwa wa figo aliokuwa ameuficha.

Turudi Tanzania, kwa mtu mwenye historia tofauti lakini aliyekutana na swali lile lile.

Taifa alilolitumikia Warioba lilianza na ukali mkubwa dhidi ya rushwa. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha sheria ya adhabu za chini kabisa, na aliyepatikana na hatia ya rushwa alifungwa na kuchapwa viboko 24, nusu akiingia gerezani na nusu akitoka. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaweka miiko: kiongozi hatakuwa na hisa katika kampuni, hatakuwa na mishahara miwili, hatakuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikatungwa Sheria ya Kuzuia Rushwa, na mwaka 1975 kikaundwa kikosi maalumu cha kuitekeleza.

Miaka ya 1980 ilileta uhaba, magendo na mishahara isiyomfikisha mfanyakazi katikati ya mwezi. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Mwaka 1991, kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar kiliilegeza miiko ya Azimio: kiongozi aliruhusiwa kumiliki hisa, kupangisha nyumba na kupokea zaidi ya mshahara mmoja. Ruhusa hiyo peke yake haikuwa wizi. Ubaya ni kwamba ukuta wa zamani ulivunjwa kabla ukuta mpya haujajengwa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ilikuja mwaka 1995. Katika miaka minne hiyo mfanyabiashara na kiongozi walizoeana, wakakopeshana, na wengine wakawa mtu mmoja. Mwishoni mwa 1994 nchi kadhaa wahisani zilisitisha misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi iliyotolewa kiholela na ushuru usiokusanywa.

Mei Mosi 1995, jijini Mbeya, Mwalimu Julius Nyerere, naye mwana wa Mara kutoka Butiama, alihutubia wafanyakazi kwa hasira ambayo waliomsikia hawajaisahau. Aliikumbusha nchi viboko vya 1963. Alisema Ikulu ni mahali patakatifu. Baadaye mwaka huo Mkapa aliingia madarakani akiwa amenadiwa kama mtu safi, akatangaza mali zake hadharani, na ahadi yake ya kwanza ikawa kupambana na rushwa. Ndipo Tume ikaundwa.

Warioba mwenyewe alikuwa ametoka kwenye uchaguzi ule ule na jeraha. Aligombea ubunge Bunda kwa tiketi ya CCM, akashindwa na mgombea wa NCCR-Mageuzi, akaenda mahakamani, na matokeo yale yakabatilishwa. Kwa hiyo uchaguzi na uchafu wake aliujua kwa karibu.

Tume ilifanya kazi mwaka 1996. Iliwasikiliza wananchi, watumishi na viongozi, na mwishoni mwa mwaka ikamkabidhi Rais ripoti nene iliyojulikana kote kama Ripoti ya Warioba. Nguvu yake ilikuwa katika namna ilivyopanga mambo. Ilitenganisha rushwa za aina mbili. Ya kwanza ni ya mtumishi wa chini ambaye mshahara wake haukidhi mahitaji. Ya pili ni ya mkubwa ambaye kipato chake kinamtosha, lakini ana tamaa ya kujilimbikizia. Na aina ya pili ndiyo inayoizaa ya kwanza, kwa kuwa mkubwa aliyeoza hana ubavu wa kumkemea mdogo.

Chukua mkazi wa kata ya Manchira, jirani na mji wa Mugumu wilayani Serengeti, katika nchi ya wafugaji ambako ng'ombe ni akiba, mahari na ada ya shule. Ng'ombe wake wakiibwa usiku, safari yake ya kutafuta haki inapita kwenye ofisi zile zile ambazo Ripoti ilizichambua kwa nchi nzima, moja baada ya nyingine. Kwenye polisi, Tume ilieleza jalada lisilofunguliwa bila kitu kidogo na dhamana iliyogeuzwa kuwa bidhaa. Mahakamani ilieleza karani anayelipoteza faili na hukumu inayonunuliwa. Kwenye ardhi, kiwanja kimoja kinachogawiwa watu wawili. Hospitalini, mgonjwa anayelipia kitanda na dawa ambazo serikali imekwisha kuzilipia. Shuleni, nafasi za kidato cha kwanza zinazouzwa. Juu ya hayo yote ikaweka mikataba ya barabara, misamaha ya kodi na bandari, ambako fedha zilizopotea katika saini moja zingetosha kulipa mishahara ya wengi wa wale waliokamatwa na elfu tano mkononi.

Mtu wa Manchira hataiona saini ile. Atakachoona ni karani anayemnyooshea mkono. Ripoti ilimsaidia kuona kwamba mkono ule una mwili, na mwili una kichwa.

Kisha ikaja kazi ngumu. Watumishi wa chini walifukuzwa, baadhi ya vigogo walifikishwa mahakamani, na waliotiwa hatiani wakawa wachache mno. Taasisi ya Kuzuia Rushwa iliendelea kuwa chini ya Ofisi ya Rais. Mkakati wa taifa ulitangazwa mwaka 1999. Lakini serikali ile ile iliyoipokea Ripoti ilikubali kununua rada ya kijeshi kutoka Uingereza kwa pauni milioni 28, bei iliyopingwa hata na baadhi ya mawaziri wa Uingereza yenyewe. Uchunguzi wa Waingereza uliishia kwa kampuni iliyoiuza, BAE, kukiri kosa la kutotunza vizuri hesabu zake, na mwaka 2012 pauni milioni 29.5 zikarejeshwa Tanzania, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Fedha za Akaunti ya Madeni ya Nje, EPA, zipatazo shilingi bilioni 133, zilichotwa Benki Kuu mwaka wa fedha 2005/06. Februari 2008 kashfa ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond ilimwondoa Waziri Mkuu madarakani. Kila kashfa kati ya hizo ilifuata njia ambayo Ripoti ilikuwa imekwisha kuionyesha.

Kwa nini Arthur, mtu wa Conkling, aliacha sheria iliyokua, na Warioba, mtu aliyeheshimika tangu mwanzo, akaacha ripoti iliyowekwa kabatini? Tofauti haiko katika tabia zao. Arthur alikuwa na saini ya Rais, na nchi iliyokuwa na hasira ya kifo cha Garfield ilimsukuma aitumie. Warioba alikuwa na kalamu ya kupendekeza tu. Kutekeleza kulibaki mikononi mwa watu ambao ripoti iliwagusa. Ushauri mzuri bila mamlaka ya kuutekeleza humtegemea yule yule anayeshauriwa ajiadhibu.

Somo la pili ni gumu zaidi. Sheria ya Pendleton ilipoanza kuziba mfereji wa makato ya makarani, vyama vya Marekani vilikwenda kwa matajiri wa reli, mafuta na viwanda. Rushwa ilihama kutoka mshahara wa karani hadi hundi ya kampuni, na Bunge lao likalazimika kuzipiga marufuku hundi hizo kwa sheria nyingine mwaka 1907. Kwetu ilikuwa vivyo hivyo. Miiko ya Azimio ilipolegezwa, fedha za uchaguzi zikaanza kutafuta wenye nazo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa jina la ukarimu wa jadi. Aprili 2006 Mahakama Kuu iliifuta takrima baada ya mashirika ya haki za binadamu kufungua kesi, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kila mfereji ukizibwa, mwingine unachimbwa.

Warioba alipata nafasi ya pili. Mwaka 2012 aliteuliwa kuongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba, na rasimu aliyoiwasilisha Bunge Maalumu mwezi Machi 2014 ilionekana kama ripoti ya 1996 iliyorudi na meno. Ilitaka uadilifu na uwazi viandikwe kama tunu za taifa, zawadi anayopewa kiongozi kazini iwe mali ya umma, mawaziri wasiwe wabunge, na wapiga kura wawe na uwezo wa kumwondoa mbunge wao. Mambo mengi ya namna hiyo yaliondolewa katika Katiba Inayopendekezwa. Novemba 2014, katika mdahalo uliofanyika Ubungo Plaza jijini Dar es Salaam, vijana walimvamia yeye, mzee wa miaka 74, ukumbi ukageuka fujo. Hakunyamaza. Aliendelea kusema yale yale aliyokuwa ameyaandika miaka kumi na minane nyuma.

Arthur na Warioba wote wawili walikiona kiini: cheo kilichogharimu fedha lazima kirudishe fedha. Karani wa Forodha aliyekatwa mshahara na mbunge aliyegawa takrima wako katika hesabu moja, na anayeilipa hesabu hiyo ni mwananchi ambaye jalada lake halifunguliwi. Mtihani, tume na taasisi ya uchunguzi vina kazi yake, lakini havitatosha kama uchaguzi wenyewe utaendelea kununuliwa. Sheria za gharama za uchaguzi zisimamiwe na chombo kisichoteuliwa na wanaochunguzwa; hesabu za vyama zibandikwe hadharani kama matokeo ya kura yanavyobandikwa; miiko iliyokuwamo katika rasimu ya 2014 kisha ikafutwa irudishwe. Na mpiga kura wa Manchira, anayekutana na wagombea kila baada ya miaka mitano, amuulize kila mmoja mbele ya wenzake fedha za kampeni yake zimetoka kwa nani, na huyo aliyezitoa anategemea kulipwa nini. Mgombea asiyeweza kulijibu swali hilo hastahili kura.